Uzi: Siku sita kwa miguu katika Corca Dhuibhne, pwani ya magharibi ya Ireland, na kwa nini nawashauri mtafute mwongozaji wa lugha ya pale

Mwanzisha uzi

Ndugu wasomaji, wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari upande wa Pangani kwa miaka mingi, na binti yangu ni muuguzi Dublin. Kwa sababu hiyo nimekwenda Ireland mara mbili. Mara ya kwanza nilizungushwa pwani ya magharibi kwa basi la watalii: tulishuka, tukapiga picha, tukapanda, na jioni nilipoulizwa nimeona nini sikuweza kutaja hata ghuba moja kwa jina lake. Mara ya pili, mwezi wa Juni mwaka jana, nilijiunga na kikundi cha watu tisa tukatembea kwa miguu siku sita katika rasi inayoitwa Dingle kwa Kiingereza na Corca Dhuibhne kwa wenyewe, jimbo la Kerry, tukiongozwa na mzee mmoja aliyezaliwa palepale na ambaye Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Pwani ilikuwa ya nchi ileile na bahari ni hiyohiyo Atlantiki, lakini safari hizi mbili hazifanani hata kidogo, na ninaandika uzi huu ili nieleze tofauti hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa wapo wenzetu wengi walioko Ulaya ambao huniuliza wafanye nini na likizo yao.

Nianze na jiografia kidogo. Rasi hii inajitokeza baharini kuelekea magharibi kama mkono ulionyooshwa, na upande wake wa mwisho, kuanzia karibu na mji wa Daingean Uí Chúis, ni Gaeltacht, yaani eneo linalotambuliwa na serikali kuwa wakazi wake bado wanakitumia Kigaeli katika maisha ya kila siku. Maeneo ya namna hii yapo pia Galway, Donegal, Mayo na kwingineko, mengi yakiwa ukingoni mwa Atlantiki. Kuizunguka rasi kuna njia ya waenda kwa miguu inayoanza na kuishia mji wa Tralee, ambayo mtu hodari huimaliza kwa siku nane hivi. Sisi tulitembea sehemu ya magharibi tu, kati ya kilomita 12 na 20 kwa siku, mizigo yetu ikitangulizwa kwa gari dogo hadi nyumba ya wageni ya usiku unaofuata, kila mmoja akibaki na mfuko wa mgongoni wenye maji, mkate na koti la mvua.

Sasa niingie katika kiini. Siku ya kwanza nilikuwa na ramani ya Kiingereza mkononi, na kabla ya saa moja kupita ilikuwa imenipoteza. Ramani ilisema Ventry, kibao cha barabarani kilisema Ceann Trá. Ramani ilisema Slea Head, kibao kilisema Ceann Sléibhe. Mwongozaji alinieleza kwamba tangu mwaka 2005 sheria inataka vibao vya maeneo ya Gaeltacht viandikwe kwa Kigaeli peke yake, na kwamba majina ya kwenye ramani yangu yalitokana na wapimaji wa serikali ya Uingereza ambao, kuanzia mwaka 1824, walizunguka kisiwa kizima wakiyaandika majina ya mahali kwa tahajia ya Kiingereza. Sauti ikabaki kwa mbali, maana ikafa. Ventry haina maana yoyote kwa Mwingereza wala kwa mtu mwingine, ilhali Ceann Trá ni kichwa cha ufuo, na ukisimama pale unaliona hilo kwa macho: ufuo mrefu wa mchanga unaopinda, na ncha yake ndiyo hiyo uliyoikanyaga.

Nilipomwambia kwamba na sisi tunaposema rasi tunatumia neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa, alisimama njiani akalirudia neno hilo mara mbili au tatu. Tangu hapo akawa ananifunulia majina kama mtu anayefungua makasha. *Dún* ni ngome, *cuan* ni ghuba ya kutia nanga, *inis* ni kisiwa, *cnoc* ni kilima, *cill* ni kanisa la kale, *carraig* ni mwamba. Ukishika maneno haya kama kumi, nchi nzima inaanza kukueleza yenyewe: hapa palikuwa na watu waliojilinda, hapa walisali, hapa mashua ziliweza kupumzika na pale ng'ambo zilivunjika. Kuna kisiwa kimelala baharini chenye umbo la mtu aliyelala chali, tumbo limenyanyuka na mikono iko kifuani, nacho huitwa An Fear Marbh, Marehemu. Hata ua jekundu la fuksia lililojaa kwenye vichaka vya kando ya barabara, mmea ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini, wamelipa jina la *deora Dé*, machozi ya Mungu.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Mchangiaji kutoka Lamu

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa maelezo. Mimi ni Muislamu na mke wangu vilevile. Nasikia utamaduni wa Ireland wote unafanyika baa. Je, mtu asiyekunywa ataona nini, na atakula nini?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la msingi.

Ni kweli kwamba muziki wa jioni hupigwa zaidi katika baa za vijijini, lakini baa ya kijiji cha pale ni kama baraza: babu yupo, watoto wapo mpaka saa fulani, na mwenye kuagiza chai haulizwi. Wapigaji hukaa mezani pamoja na watu wengine, hawapandi jukwaani. Kuna fidla, kodiani, filimbi, ngoma ya mkononi ya ngozi ya mbuzi iitwayo *bodhrán*, na pengine zumari ya viwiko, ambayo mpigaji hujaza upepo kwa kiriba anachokibana kwa kiwiko. Upigaji wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2017. Lakini lililonigusa mimi lilikuwa jingine. Usiku wa tatu, katikati ya kelele, mtu mmoja aliombwa aimbe, na ukumbi mzima ukanyamaza mara moja. Aliimba bila ala yoyote, macho ameyafumba, huku jirani yake amemshika mkono na kuuzungusha polepole kwa mwendo wa wimbo. Uimbaji huo huitwa *sean-nós*, maana yake mtindo wa kale. Sauti hupambwa kwa mikunjo midogomidogo katikati ya silabi, na nilipousikia nilikumbuka wakongwe wetu wanavyoghani utenzi, kwamba hadithi ndiyo inayotangulia na sauti inaifuata.

Kuhusu chakula: samaki wapo wa kila aina, viazi, mayai, mkate wa magadi na siagi nzuri sana. Jihadhari na supu nzito ya samaki na maziwa, kwa kuwa mara nyingi hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe bila ya kutajwa; uliza kabla. Nyama ya halali usiitegemee vijijini. Waambieni wenye nyumba ya wageni mapema, nao hupika bila kinyongo.

Jambo moja mlipange mapema: mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo wenye kuzingatia nyakati za sala watalala kwa kuchelewa.

Mwanzisha uzi (naendelea)

Siku ya pili tulipita chini ya Ceann Sléibhe, ambako mlima unashuka baharini kwa kasi na njia imekatwa katikati ya kuta za mawe. Juu ya mashamba yale kuna vibanda vya mawe vya umbo la mzinga wa nyuki, *clocháin*, vilivyojengwa bila chokaa wala udongo wa kushikiza. Ufundi wake ni mmoja na wa kanisa dogo la Gallarus, tulilolifikia siku ya tatu na ambalo ningewasihi msiliruke hata mvua ikinyesha; nasema afadhali mvua inyeshe. Kila safu ya mawe imetokeza kidogo kuelekea ndani kuliko ile ya chini yake, mpaka kuta mbili zikakutana juu na kufanya kama mashua iliyopinduliwa, na kila jiwe limeinamishwa kidogo upande wa nje ili maji yatiririke. Wataalamu wanabishana juu ya umri wake, lakini hakuna anayelikadiria chini ya miaka mia nane, na wapo wanaolikadiria zaidi ya elfu moja. Tuliingia wote tisa, mlango mdogo upande wa magharibi na dirisha dogo upande wa mashariki, mvua ikipiga juu, na ndani pakavu. Mimi nimezoea magofu ya Kilwa na Tongoni, ambako matumbawe na chokaa ndivyo vilivyobeba kila kitu, na nilishangaa kuona jengo linalojishikilia kwa uzito wake peke yake.

Vilevile katika rasi hii kuna mawe ya *ogham*, maandishi ya kale kabisa ya Kigaeli, ambayo herufi zake ni mikato iliyochanjwa kwenye ukingo wa jiwe, mmoja hadi mitano, kulia, kushoto au kukatiza. Mengi ni ya karne ya 4 hadi ya 7 na yana majina ya watu tu: fulani mwana wa fulani. Moja limesimama Dún Mór, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ireland. Nilipitisha kidole changu kwenye mikato hiyo, na mwongozaji akanisomea jina la marehemu yule kwa sauti kubwa, upepo ukivuma.

Sasa lugha yenyewe, kwani najua walimu wenzangu wanasoma. Sisi tunabadilisha mwanzo wa neno: mtu, watu, kiti, viti. Mzungu wa kawaida hubadilisha mwisho, na hilo humchanganya anapojifunza Kiswahili. Kigaeli hubadilisha mwanzo pia, ingawa sababu yake si ngeli bali ni neno lililotangulia. Mashua ni *bád*. Mashua yangu ni *mo bhád*, na hapo sauti ya kwanza imekuwa v. Mashua yetu ni *ár mbád*, na hapo inasikika m. Tena hawana kitenzi cha kumiliki. Sisi husema nina mashua, yaani niko pamoja na mashua. Wao husema *tá bád agam*, mashua iko kwangu. Na ukimwuliza mtu kama amechoka hakujibu kwa ndiyo wala hapana, kwa sababu maneno hayo hayamo katika lugha yao, anajibu kwa kitenzi: *tá*, niko, *níl*, siko. Mama yangu ndivyo alivyokuwa akijibu. Umekula? Nimekula.

Katika kikundi chetu mimi ndiye niliyekuwa mgeni zaidi, na mimi ndiye niliyeshika maneno haraka zaidi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu msemaji wa Kiswahili anakwenda pale akiwa na sikio lililokwisha kufunzwa, naye asilipoteze kwa kuchukua mwongozaji wa Kiingereza kitupu.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mwalimu, heshima yako. Nina swali gumu kidogo. Ukisoma katiba yao, Kigaeli ni lugha rasmi ya kwanza ya taifa, kinafundishwa shuleni, kina redio na televisheni. Kama bado kiko hatarini, je, watalii wanaokwenda kukisikiliza hawakigeuzi kuwa maonyesho tu?

Mwanzisha uzi

Nimelifikiria swali hili tangu niliporudi, na sitaki kulijibu kwa wepesi.

Uliyosema ni kweli. Katiba ya mwaka 1937 inakitaja kuwa lugha ya kwanza rasmi. Redio ya Gaeltacht ilianza mwaka 1972, televisheni ya Kigaeli mwaka 1996, na tangu mwaka 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Lakini katika sensa ya mwaka 2022, wakati watu karibu milioni 1.9 walisema wanakijua kwa kiwango fulani, ni watu 71,968 tu waliosema wanakizungumza kila siku nje ya masomo. Pengo hilo lina historia. Mlimani juu ya njia tuliona mistari iliyolala sambamba chini ya majani, na mmoja wetu akadhani ni kazi ya maji. Ilikuwa matuta ya viazi ya zamani. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa ukungu uliharibu viazi, chakula pekee cha maskini, na watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama. Na waliopigwa zaidi walikuwa hawahawa wa magharibi, wasemaji wa Kigaeli. Baada ya hapo mzazi aliyejua kwamba mtoto wake atapanda meli kwenda Boston alimfundisha Kiingereza kwa makusudi, na huwezi kumlaumu.

Siku hizi tishio ni la namna nyingine, nalo linatuhusu sisi wasafiri. Nyumba za pwani ile zinanunuliwa na watu wa mbali kwa ajili ya likizo, bei inapanda, na vijana wa palepale wenye watoto wadogo hukosa pa kuishi wakahamia mjini ambako Kigaeli hakisikiki. Mtalii akilala katika nyumba ya aina hiyo, amechangia. Akilala kwa mama mwenye nyumba anayezungumza Kigaeli na watoto wake, akamlipa mwongozaji wa kijiji, akanunua samaki kwa mvuvi wa pale, fedha yake inamsaidia mtu abaki. Vijana kutoka miji yote ya Ireland hupelekwa Gaeltacht wiki tatu wakati wa kiangazi kujifunza lugha, wakilala katika nyumba za wenyeji, na mapato hayo yamezishikilia kaya nyingi. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inategemea mlango unaoingilia. Mwongozaji wetu hakuimba kwa ajili yetu wala kuvaa mavazi maalumu. Alikuwa akisalimiana na majirani zake, na sisi tukiwa nyuma yake tukisikia.

Na msiogope kukosea. Wana msemo: *Is fearr Gaeilge bhriste ná Béarla cliste*, Kigaeli kilichovunjika ni bora kuliko Kiingereza hodari. Salamu ni *Dia duit*, Mungu awe nawe. Anayejibu huongeza, *Dia is Muire duit*, Mungu na Maria wawe nawe. Nilipomsalimu hivyo mzee mmoja aliyekuwa akirundika mboji ya kuchoma, yaani udongo wa kinamasi uliokaushwa utumike kama kuni, aliweka chini chombo chake na kuzungumza nami kwa dakika kumi mfululizo. Sikuelewa zaidi ya maneno matano. Mwongozaji alinitafsiria baadaye kwamba alikuwa akiniuliza nimetoka wapi, na kama kwetu bahari ina baridi.

Mchangiaji kutoka Leeds

Habari mwalimu. Naomba yale ya vitendo: viza, viatu, afya, na kama mtu wa miaka 58 anaweza.

Mwanzisha uzi

Mimi nina miaka 61, nami niliweza. Siku ngumu ni moja tu, ile ya kuvuka bega la Cnoc Bréanainn, mlima wa mita 952 ambao mahujaji wameupanda tangu enzi za kale kwa kumkumbuka Mtakatifu Brendan baharia. Njia haifiki kileleni, lakini inapanda zaidi ya mita 600, na upande wa pili inateremka kwenye tope la mboji linalomeza mguu. Siku hiyo ukungu ulishuka ghafla, nguzo nyeusi zenye mchoro wa njano wa mtembeaji zikawa hazionekani moja kutoka nyingine, na mwongozaji akatuamuru tushikamane. Waliotaka kukwepa walizungushwa kwa gari, na hakuna aliyewacheka. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu na viwe vimekwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Koti la mvua ni la lazima hata Julai.

Njia nyingi zinapita katika mashamba ya watu kwa ridhaa yao, kwa maana nchini Ireland hakuna haki ya jumla ya kutembea popote. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, mbwa usimlete, kondoo usiwafukuze.

Kuhusu viza: Ireland iko katika Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Wapo waliokata tiketi wakiamini viza ya Schengen inatosha, wakazuiwa uwanjani. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Ireland yenyewe, hata kama ana kibali cha kukaa Uingereza, isipokuwa aingie katika mpango maalumu unaomhusu. Thibitisha ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Mwanzisha uzi (la mwisho)

Nimekiacha kisiwa kwa makusudi hadi sasa.

Mkabala na Dún Chaoin, ng'ambo ya mlango wa bahari wenye mikondo mikali, kuna An Blascaod Mór. Mwaka 1916 kilikuwa na watu 176. Hawakuwa na daktari, padri wala duka. Walivua na kuvuka kwa *naomhóg*, mashua ya fito nyembamba iliyovishwa turubai na kupakwa lami, nyepesi hata wanaume watatu au wanne huibeba kichwani ikiwa imepinduliwa, nao kwa mbali huonekana kama mdudu mweusi anayetembea. Kutoka katika kijiji hicho kidogo vilitoka vitabu ambavyo Ireland yote inavisoma mpaka leo, cha kwanza kikubwa kikiwa cha mvuvi Tomás Ó Criomhthain, aliyejifunza kusoma na kuandika Kigaeli akiwa mtu mzima na kuchapisha habari za maisha yake mwaka 1929. Vijana wakazidi kuhamia Marekani, hasa Springfield, Massachusetts. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1946 kijana mmoja alishikwa na homa ya uti wa mgongo akafa, dhoruba ikiwa imezuia msaada usivuke. Aprili iliyofuata wakazi walimpelekea telegramu Waziri Mkuu, Éamon de Valera, kwamba bahari imewafungia na chakula kimekwisha. Mnamo Novemba 1953 serikali ilianza kuwahamisha waliobaki, watu 22, wengi wakipewa nyumba ng'ambo palepale Dún Chaoin, wakawa wanakitazama kisiwa chao dirishani.

Siku tuliyopangiwa kuvuka, mawimbi yalikataa. Tulikaa katika jumba la kumbukumbu la kisiwa lililoko bara, na mwongozaji akatusomea ukurasa mmoja kwa Kigaeli bila kututafsiria, akisema kwanza tusikie mwendo wake. Siku mbili baadaye, siku yetu ya mwisho, bahari ilitulia na mashua ikaondoka. Nyumba nyingi zimebaki kuta tu, majani yamepanda hadi madirishani, na sili wamelala ufuoni kwa mamia. Tulipokuwa tukipanda njia ya kijani katikati ya magofu, mwongozaji alikuwa akitaja kila nyumba kwa jina la aliyeikalia na binti aliyeolewa wapi, mlango hadi mlango, ingawa watu hao waliondoka kabla yeye hajaweza kuwafahamu. Aliyapokea kwa mama yake.

Kwa hiyo mkipanga safari, acheni siku moja au mbili tupu mwishoni, kwa ajili ya mashua hiyo.